Kadi Isiyokunjika

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hana karatasi ambayo hajaivalisha plastiki. Cheti cha ubatizo, lamineisheni. Cheti cha ndoa, lamineisheni, ingawa mke mwenyewe alishajiondokea zamani. Risiti ya redio iliyokufa, lamineisheni. Anapeleka steshenari, wanaiweka katikati ya nailoni mbili, wanaipitisha kwenye mashine ya moto, inatoka imegandamana na plastiki milele na milele, amina. Chumba chake kinatazamana na changu kwenye ua tunaopanga hapa Kaloleni, Arusha, na jua la asubuhi likiingia kwake kuta zote zinameremeta. Hata picha ya marehemu mama mkwe aliipeleka. Mashine ikaitia mapovu usoni, na mpaka leo mama wa watu anatutazama kama mgonjwa wa tetekuwanga. Yeye anaona ameihifadhi. "Hii mende hawaigusi," ananiambia, kana kwamba mende ndio waliomuua.

Nilimdharau kwa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Ilikuwa dharau ya kila siku, ya kumpita uani na kumwambia "shikamoo shemeji" huku moyoni nasonya. Mzee wa kanisa, mjuaji, kimbelembele. Ukimwomba chumvi anakueleza kwanza madhara ya chumvi. Tungeendelea hivyo mpaka kaburini kama asingeigusa kadi yangu.

Mimi nilikuwa nauza kadi. Si kadi za harusi, wala za simu. Ni zile kadi ndogo za karatasi ngumu zenye picha za wachezaji mpira na madude ya katuni, zinazotosha kwenye kiganja. Watoto wa Ulaya huzikusanya na kubadilishana shuleni, halafu wanakua, wanaota ndevu, na badala ya kuziacha wanaendelea kuzitafuta kama kichaa anayetafuta kofia aliyoivaa. Zinafika kwetu bila kualikwa. Mama Mzungu anatoa koti la mtoto wake sadaka, hakagui mifuko, koti linaingia kwenye belo la mitumba, belo linafunguliwa Kwa Mrombo, na mfukoni kuna kadi.

Anayefungua mabelo ya nguo za watoto pale sokoni ni mama mmoja tunayefahamiana tangu darasa la ubarikio kanisani. Nilimwambia asizitupe, akawa ananiwekea kwenye kopo la maziwa ya unga. Za wachezaji anazishika kwa mkono. Za madude yenye macho makubwa anaziokota kwa kipande cha nailoni, kama mtu anayezoa kinyesi cha paka, maana ameshaambiwa kwamba yale ni mapepo. "Mimi nakupa tu," ananiambia. "Ukianza kuweweseka usiku, sitaki kesi." Lakini siku akijua nimeuza vizuri, mapepo hayamzuii kuomba soda. Ndiyo imani yetu ilivyo, inapatana na kila mtu.

Na wateja wangu je? Aisee! Mtu ana mvi, ana nyumba ya ghorofa, ana mbwa mwenye daktari wake, lakini kona ya kadi ikipauka upana wa chawa anakuandikia waraka kama mitume. Wanaikagua kwa lenzi. Wanaipima kwa rula kuona kama picha imekaa katikati. Kadi yenyewe mtoto alishaipigia chafya, akaifutia pua, lakini mtu mzima wa Uholanzi anataka ifike kama ilivyotoka kiwandani jana. Niliwacheka sana, na nikawahudumia vizuri kuliko walivyostahili, kwa sababu sikutaka Mzungu yeyote aseme kwamba mtu wa Arusha hajui kufunga mzigo.

Kufunga nilijua. Kwanza kadi inaingia kwenye kifuko laini cha nailoni, mdomo ukiangalia juu. Halafu kifuko kinaingia kwenye kasha gumu la plastiki, jembamba, lenye uwazi upande mmoja. Ule uwazi unaubandika ukanda wa gundi ya karatasi, ule wa mafundi rangi, na ncha yake unaikunja ili mteja apate pa kuvutia. Ukitumia selotepu ya kawaida umeshaharibu, mtu atavuta kwa kisu na kisu kitafika kwenye kadi. Kasha linalala katikati ya vipande viwili vya boksi, mistari ya boksi moja ikienda wima na ya jingine ikilala, ili mzigo usipinde upande wowote. Masika, ukungu wa Meru ukishuka mpaka uani, natia na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye viatu vipya. Juu nailoni yenye mapovu, bahasha ngumu, na kwa kalamu nyekundu, lugha mbili: USIKUNJE.

Hayo sikuyajua tangu mwanzo, niliyajua kwa kuumia. Kadi yangu moja ilifika imepinda, mteja akalalamika kwenye mtandao tunaouzia. Nyingine ilifika na unyevu, mteja mwingine akalalamika. Wenye mtandao wakaniandikia kwa adabu ile ya watu wasiokujali, kwamba lalamiko la tatu wanaufunga ukurasa wangu moja kwa moja, hakuna kufungua tena.

Mume wangu aliposikia akacheka. Yeye ni dereva wa watalii, yuko porini wiki nenda wiki rudi, na kwake kitu kisicho na magurudumu si kazi. "Kwani ni ukurasa tu," akasema. Tu! Kabla ya ule ukurasa nilikuwa mke wa dereva. Kwenye vikao vya ukoo wake nilikuwa mke wa dereva, kanisani mke wa dereva, hata mwenye nyumba akitaka kodi aliuliza dereva karudi lini. Ule ukurasa ulikuwa na jina langu juu yake, picha nilizopiga mimi, na watu wa nchi ambazo mume wangu anazijua kwa kubeba wageni wake tu walikuwa wananiandikia mimi. Sikupewa na mtu. Niliupenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, na niliogopa kuupoteza mpaka nilikuwa naota nimefungua simu siuoni.

Basi ikaja kadi ya bluu. Mama wa Kwa Mrombo aliikuta kwenye koti la mvua la mtoto, mfuko wa ndani wenye zipu, safi kabisa. Mchezaji kijana, bado ana chunusi, mwaka wake wa kwanza, kabla dunia haijamjua. Niliiweka mtandaoni, na aliyeitaka kwa pupa alikuwa yule yule Mholanzi wa kadi iliyopinda, aliyeniletea lile lalamiko la kwanza. Akaniandikia: ninakupa nafasi moja zaidi. Hebu ona! Ananipa nafasi, kama mwalimu mkuu. Nilisonya mpaka meno yakauma. Halafu nikafunga ile kadi kwa mikono miwili kama mtu anayemfunga mtoto mchanga, kwa sababu nilitaka yule mtu aifungue na akose la kusema. Ilitakiwa itumwe kabla ya Ijumaa kwisha.

Alhamisi jioni shangazi yangu akafa Marangu.

Kwetu msiba hauna udhuru. Hata kama marehemu hakukupenda, na shangazi yangu hakunipenda, usipoonekana jikoni unamenya ndizi utaimbwa ukoo mzima mpaka wajukuu zako wakutane na ule wimbo. Ilibidi niondoke alfajiri. Na mzigo wa kwenda nje hauachwi tu mlangoni. Unaupeleka posta, dirishani, ukiwa wazi, mkaguzi anaangalia kilichomo, ndipo unafungwa mbele yake. Lazima aende mtu.

"Niachie mimi, shemeji," akasema shemeji yangu kutoka mlangoni kwake. Alikuwa amesikia kila kitu, maana ukuta wa ua ule hauzuii hata kikohozi. "Mambo ya ofisi ndiyo mambo yangu."

Ningekuwa na mtu mwingine nisingempa. Sikuwa naye. Nikamweka kitini, nikamwonyesha mzigo kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Shemeji, hii imeshafungwa ndani. Kasha usilifungue."

"Sawa."

"Mkaguzi atatazama kwa juu, kasha linaonyesha. Akimaliza, unachomoa hii karatasi ya gundi ya bahasha, unabandika, unampa. Basi."

"Basi."

"Kadi usiishike kwa mkono."

"Shemeji," akasema, amekunja uso, "mimi nimetunza nyaraka za usharika mpaka maaskofu wamebadilika. Unanifundisha kushika karatasi?"

Alfajiri nikaenda Marangu kumenya ndizi.

Niliporudi Jumapili jioni nilikuwa nanuka moshi na pombe ya mbege, miguu imevimba. Nilifungua mlango, nikaona mezani kwangu pamepangwa vitu kwa unadhifu wa kutisha. Kasha gumu la plastiki. Kifuko laini cha nailoni, kimenyooshwa. Ukanda wa gundi ya karatasi, umeviringishwa kwenye kijiti cha kibiriti ili usipotee.

Nilisimama pale na kanga ya msiba bado kiunoni. Nikaita kwa sauti ambayo hata majirani walitoka: "Shemeji!"

Akaja anafuta mikono, amefurahi. Mungu wangu, alikuwa amefurahi!

"Umeona? Nimekurudishia vyombo vyako. Havikuhitajika."

"Kadi iko wapi?"

"Imekwenda. Ijumaa ile ile. Lakini, shemeji, nikuambie kitu, ungepata hasara." Akavuta kiti changu, akakaa. "Yule mkaguzi kalitikisa lile kasha hivi, kadi ikawa inacheza ndani. Inacheza! Nikajiuliza, hii inakwenda Ulaya, inapanda ndege, inashuka, inanyeshewa huko, na imevaa kinailoni kama cha karanga? Nikamwambia dada, nisubiri kidogo. Nikavuka barabara, pale pana steshenari."

Sikuuliza. Mtu akiona nyoka haulizi jina lake.

"Wakaipiga lamineisheni ile nzito," akasema. "Si ile ya vitambulisho vya wanafunzi, hapana, nzito. Ikatoka inang'aa! Yule kijana usoni kama yu hai. Sasa haikuingia tena kwenye kasha, imekuwa pana, nikamwambia binti wa steshenari apunguze pembeni. Akakata vizuri, na kona akazikata mviringo zisimchome mtu. Hata hivyo haikuingia, kasha likawa halina kazi. Nimelipa mwenyewe, wala sikudai. Wema hauozi."

Alikata kona. Watu wanaozipima kona zile kwa lenzi, akawakatia kona kwa mkasi wa steshenari, na akalipia.

Kuna msemo wa watu wa pwani, nisamehewe, kwamba kuchamba kwingi ni kuondoka na mavi. Niliusema wote, kwa sauti, mbele ya mzee wa kanisa, siku ya Bwana. Akashtuka zaidi kwa lile neno kuliko kwa kadi. Akasema nimechoka na msiba, nikaoge.

Asubuhi nilikuwa dirishani kabla hawajafungua. Dada wa pale alitafuta kwenye kompyuta yake huku anatafuna, akaniambia mzigo ulishapanda ndege. "Kwani kuna tatizo, dada? Yule mzee alikuwa makini sana. Tulimsifia." Walimsifia! Nikarudi nyumbani kwa miguu, sikutaka mtu yeyote anisemeshe.

Nikamwandikia Mholanzi ukweli wote kabla haijamfikia. Nilieleza mashine, nilieleza shemeji, nikamwambia nitamrudishia hela yake yote, ila naomba asilalamike kwa wenye mtandao, azungumze na mimi. Nilibembeleza. Mimi, ambaye nilikuwa namwita kichaa wa kofia, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitafuta maneno ya kumlainisha, na nilijichukia kwa kila neno. Hakujibu. Siku zikapita, nikawa naamka na kushika simu kabla sijashika maji.

Jibu lilikuja kama picha. Kadi yangu juu ya meza nyeupe, inang'aa kama sahani ya plastiki, na kando yake rula. Ameweka rula! Kona zote nne za mviringo, kama za kitambulisho. Chini yake sentensi moja, kwamba amekusanya kadi tangu utoto na hajawahi kuona kitu kama hiki. Hakutukana. Angetukana ningejua la kufanya, kutukanana najua.

Halafu akalalamika. Mchana ule ule nikafungua ukurasa wangu nikakuta rangi ya kijivu na maandishi ya kunieleza kwamba muuzaji huyu hayupo tena. Jina langu halikuwepo. Picha zangu hazikuwepo. Niliziba mdomo kwa mto nikalia, kwa sababu ya ule ukuta usiozuia kikohozi.

Nilimpigia mume wangu huko porini. Akasikiliza, na nyuma yake nasikia wageni wanashangilia sijui simba gani. "Lakini si alikuwa anasaidia," akasema. Nikakata simu. Watu wa ukoo ule wakikuchomea nyumba watasema walikuwa wanakuotesha moto.

Jioni shemeji aligonga. Alikuwa amekwisha kusikia, bila shaka, mto hausaidii. Hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakuanza na mawaidha.

Akaniambia kwamba alipomaliza shule, cheti chake alikihifadhi kwenye dari ya jiko la mama yake, kule kijijini juu ya Ngaramtoni, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Masika ya mwaka ule bati likapasuka. Alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani alikwenda na uji wa karatasi kwenye mfuko wa sukari. Wale mabwana waliucheka. Mmoja akauliza kama ameleta uji wa chai ya saa nne. Kazi akapewa mwingine, na yeye hakuitwa tena popote. "Tangu siku ile," akasema, "karatasi ya mtu nikiiona iko uchi, mwili unanisisimka."

Nilimhurumia. Nasema kweli, nilimhurumia, nikamwona kijana mwenye mfuko wa sukari amesimama mbele ya wanaume wanaocheka. Nilikuwa hata nimeanza kusema, "Pole, shemeji."

Kisha akainua uso. "Lakini, shemeji, niambie tu. Ilifika imekunjika?"

Nikamtazama. Nilitafuta uongo nikaukosa.

"Haikukunjika."

"Haya," akasema, na kifua kikajaa kidogo. "Hilo tumshukuru Mungu." Huruma yangu ikaishia hapo hapo mlangoni.

Kabla hajaondoka aliomba nimtumie kwenye simu yake yale maandishi ya kunifungia, ayaone, asije akaambiwa na watu. Nilimtumia ili aondoke. Nilifikiri atayasoma, atajisikia vibaya, na mimi nitapata usingizi.

Kesho yake nilikuwa nafua. Akaingia uani anatembea taratibu, amebeba bahasha ya kaki kwa viganja viwili, kama wanavyobeba sahani ya sadaka. Akaifungua mbele yangu. Alikuwa ameyapeleka yale maandishi steshenari, wameyachapa kwenye karatasi kubwa, kwa rangi, na ule ukijivu wote umetoka vizuri. Juu yake, plastiki. Ile nzito.

"Siku ukitaka kukata rufaa," akasema, "usiende mikono mitupu. Hii haiharibiki."

Mikono yangu ilikuwa na povu la sabuni. Nilitaka kumwambia neno la kumpasua, nilikuwa nalo tayari mdomoni, la kuhusu mkewe aliyemkimbia na mama yake mwenye mapovu. Nikaona jinsi alivyoishika ile karatasi, kwa ncha za vidole, pembeni kabisa, asiiguse katikati. Ndivyo nilivyomwambia aishike kadi.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaipokea. Ipo mpaka leo kabatini, chini ya mashuka. Nimehama nayo chumba, imenyeshewa siku paa lilipovuja, watoto wa jirani wameikalia. Haina hata mkunjo.